Marehemu Waliozuia Uchaguzi wa Mfereji

Yoeli tulimchagua mara moja tu kuwa mwenyekiti wa mfereji wetu pale Akheri, akae miaka mitatu. Amekaa tisa. Kila uchaguzi ulipofika, akidi haikutimia. Katiba ya mfereji inataka nusu ya wanachama wote wawepo. Wasipofika, viongozi waliopo wanaendelea.

Sabina ni mjane, ana kahawa na migomba upande wa chini, ambako maji hufika yakiwa tope. Mwaka huu alichoka. Wiki tatu alizunguka nyumba hadi nyumba na goti lake bovu. Wanaofanya kazi mjini aliwapigia simu mpaka wakakubali kuja kwenye uchaguzi.

Siku ya mkutano tulijaa uwanja wa kanisa. Jackline, katibu, akatuhesabu: themanini na sita.

"Daftari lina wanachama mia moja themanini na wawili," Yoeli akasema. "Akidi ni tisini na mmoja. Mkutano umeahirishwa."

"Tusomee majina ya ambao hawajafika," Sabina akasema.

Yoeli alisita, lakini watu walishasimama. Jackline akaanza kusoma. Jina la tatu lilikuwa Elinaza, mume wa Sabina, tuliyemzika miaka sita iliyopita.

"Mume wangu amelala nyuma ya nyumba yangu, chini ya saruji." Sabina akamgeukia Yoeli. "Ulikuja msibani, Mwenyekiti. Ulikula. Leo unamhesabu mtoro?"

"Mama Oscar," Yoeli akamjibu Sabina, "kufuta jina ni kazi ya mkutano halali. Na mkutano halali unahitaji akidi."

"Kwa hiyo waliokufa ndio wanaokuweka madarakani."

Yoeli alichukua muhuri wa mfereji akaondoka.

Sabina alikusanya vyeti vya vifo thelathini na vinne; majina hayo yakifutwa, sisi themanini na sita tungetosha. Akavipeleka kwa afisa mmoja wa wilaya. Akaambiwa aandike barua, nayo ipitie kwa mwenyekiti. Alirudi akashinda shambani bila kula.

Mwezi uliofuata Yoeli alitangaza msaragambo, tukazibue mfereji kwa pamoja. Hakwenda mtu. Sabina alipotuita Jumatatu iliyofuata, tulifika wote na makoleo. Yoeli akaja kuuliza nani ametoa ruhusa.

"Shika koleo," Sabina akamwambia, "au utupishe."

Yoeli akageuka, akarudi njia aliyojia.

Muhuri bado anao. Zamu za maji tunamwuliza Sabina, naye hasira haijamtoka. Ukimwita mwenyekiti anakukatiza: hakuna aliyempigia kura, na yeye alichotaka ni kura.