Mume Wangu Mwanajeshi Alipewa Sehemu Yangu

Admin, ficha jina langu, mume wangu husoma hii peji.

Mimi ni mama wa mtoto mmoja, miaka 31, naishi mtaa wa Kawangware, steji ya 46. Nimeigiza tangu nikiwa msichana huko mtaani Gatwekera, na kikundi chetu cha vijana. Siku hizi nauza nguo za watoto soko la Toi, lakini mtu akiniuliza kazi yangu namwambia mimi ni mwigizaji.

Juzi kukatokea filamu ya vita, wanatafuta watu. Nilifanyia mazoezi sehemu ya kamanda mpaka sauti ikakauka. Mume wangu alikuwa jeshini, akatoka sababu ya goti. Siku ya majaribio alikuja tu kunishikia mtoto. Dairekta akamwona vile amesimama mlangoni, akamuuliza kama amewahi kushika bunduki. Basi, ikaisha hivyo. Akatuambia sasa anataka wanajeshi wa ukweli, ati sisi waigizaji tunashika bunduki kama mwiko. Kamanda akawa mume wangu. Mimi nikapewa kuwa maiti.

Siku ya kurekodi nililala kwa matope macho nimefumba, nikimsikiza akisema maneno yangu kama chifu anasoma tangazo. Dairekta akafurahi kabisa. Sasa majirani wa ploti nzima wanamwita staa. Mimi wananiuliza kama nimeshapika.

Wivu umenikausha, siwadanganyi. Halafu akaniomba nimfundishe kulia, kuna mahali kamanda anampoteza mwenzake. Nikamwambia akumbuke kitu kilimuuma. Akataja rafiki yake aliyekufa wakiwa pamoja jeshini, jina sijawahi kulisikia tangu anioe. Akalia mpaka mtoto akaogopa. Na mimi, badala ya kumshika, nilikuwa naangalia vile machozi yanashuka nikiwaza, hata hii amenishinda.

Tangu siku hiyo amebadilika. Wakipiga risasi za filamu, anarudi nyumbani hagusi chakula. Na sasa wanamtaka kwa filamu ingine.

Jana akaniambia, "Wewe ndio unajua hii kazi. Ukisema niwache, nawacha."

Nikimwambia awache, pengine nitakuwa nimemwokoa. Lakini najua moyo wangu utacheka. Nikimwambia aendelee, naogopa atavunjika, na bado nitamwonea wivu akivunjika.

Bado anangoja jibu. Wenzangu, nimwambie nini mtu ananiamini hivi?