Klipu Nne za Daktari wa Meno

Mke wangu alianza kupiga mbizi akiwa na miaka arobaini na tisa, umri ambao mimi nilikuwa nikitafuta miwani iliyo juu ya kichwa changu. Watoto walikuwa wamehama, nyumba yetu ya Ngoingwa imenyamaza, naye akaona tangazo la mafunzo katika bwawa moja la kuogelea huko Ruiru. Nilicheka. Nilidhani angerudi baada ya wiki mbili na mafua. Alirudi na daktari wa meno.

Sisemi alikuja naye nyumbani. Alikuja na habari zake. Katika mchezo huu kila mtu ana mwenzi wa majini, mtu wa kukupa hewa yake yako ikikwisha, na mwenzi wa mke wangu alikuwa yeye. Daktari anapumua polepole. Daktari hatibui matope. Daktari ana mikono mitulivu. Mimi nina shahada mbili na siwezi kuvuka bwawa hilo bila kushika ukingo.

Mwaka huu kikundi chao kikaamua kwenda Meksiko, kwenye mapango yaliyojaa maji. Wakaanza kujifunza kubeba mitungi ya hewa ubavuni, mmoja kila upande, badala ya mgongoni, ili wapenye mahali pembamba. Kila mtungi hushikiliwa na klipu mbili, moja kwenye shingo ya mtungi na nyingine karibu na kitako chake. Njia ikizidi kubana, unafungua klipu ya chini kwa mkono mmoja, gizani, unausukuma mtungi mbele yako. Klipu ikikataa, unabaki hapo. Mke wangu alinieleza haya akimenya viazi, kwa sauti ya mtu anayeelekeza mgeni sokoni.

Kisha akaweka mezani klipu nne za chuma kisichoshika kutu. "Daktari ameniletea. Alikuwa na za ziada."

Zilikuwa nzuri, na hilo ndilo lililoniudhi. Nzito kiasi, laini, kila moja na kijiti kidogo cha kuvutwa kwa kidole gumba. Katika miaka yote ya ndoa mimi nilikuwa nimempa masufuria na, mara moja, kamusi.

"Nitakutafutia zingine," nikasema.

"Za nini na hizi ziko?"

"Za kulinganisha."

Alinitazama kidogo. "Sawa. Basi wewe ndiye utaamua. Daktari huona kila kitu chake ni kizuri. Wewe huona kasoro kwa kila kitu. Kitu cha kuingia nacho kwa pango, nataka kichaguliwe na mtu kama wewe."

Hakukusudia kunisifu. Nilisifika hivyo hivyo.

Kesho yake nilienda kwa agroveti mjini Thika, duka la dawa na vifaa vya mifugo, ninapojua huuzwa klipu za minyororo.

"Ya ng'ombe ama ya mbwa, mzee?" akauliza dada wa duka.

"Ya bibi yangu."

"Ngai! Kwani anahepa?"

Mama mmoja aliyekuwa akinunua chakula cha kuku akageuka. "Mpatie ile ya ng'ombe wa gredi. Hiyo haijawahi kuachilia mtu."

Nilieleza habari za mitungi, maji na mapango. Kadiri nilivyoeleza ndivyo walivyonihurumia. Niliondoka na klipu nne kubwa maradufu ya zile za daktari, zenye mlango wa springi unaosukumika ndani na kujifunga wenyewe kwa mlio wa kuridhisha.

Jumamosi, mke wangu akiwa mazoezini Ruiru, nilifanya jaribio. Pangoni mpiga mbizi hufuata kamba iliyotandazwa kutoka mlangoni, basi nikaishusha kamba ya kuanikia nguo hadi usawa wa kiuno. Nikajining'inizia ubavuni, kwa klipu, mtungi mtupu wa gesi ya kupikia, nikavaa glavu za kuoshea vyombo na kujifunga kitambaa machoni. Nilianza na za daktari. Kamba iliteleza juu yake ikapita. Nilipovuta kijiti, klipu ikafunguka mara ya kwanza.

Kwa zangu nilipiga hatua tatu nikasimamishwa. Sikuwa nimehisi chochote. Kamba ilikuwa imesukuma mlango wa klipu, ikaingia yenyewe, na mlango ukajifunga. Nilipapasa, kidole kikateleza. Niligeuka ili nijinasue, nikajizungushia kamba zaidi.

"Baba, uko sawa?" jirani akaita kutoka upande wa pili wa ua.

"Niko kwa pango."

"Haya."

Nilikuwa na hewa yote ya Ngoingwa, na bado pumzi ilianza kunibana. Nilimwaza yeye akiwa hapo, na mawe juu yake.

Lakini nilipovua kitambaa niliwaza pia kwamba hakuna aliyeona. Ningesema zangu ni bora, angeniamini; hajawahi kunisikia nikisifu kitu. Wazo hilo lilikaa nami hadi jioni. Naona haya kusema halikukaa kwa shida.

Akaingia, nywele bado mbichi, akicheka jambo ambalo daktari alikuwa amesema. Wakati mbaya kuliko huo sikuupata.

"Umeamua?"

"Za daktari."

"Zako zina nini?"

"Zinashika kamba bila kuulizwa."

"Kama mwenyewe," akasema, akaketi.

Klipu hufungwa kwenye mtungi kwa uzi mnene, si kwa chuma, ili ikigoma kabisa uzi ukatwe kwa kisu. Nilijua hilo, na nilijua swali langu. "Na daktari ndiye atakufungia?"

"Fundo ni la mwenyewe. Hakuna mtu hufungiwa. Hata yeye nikigusa zake ananifukuza."

Nilifurahi, kwa sababu mbaya. Furaha hiyo ilidumu hadi alipofika fundo la tatu, nilipouliza huko Meksiko yeye na daktari wamewekewa vyumba vingapi.

"Viwili," akasema, uzi ukiwa menoni. "Washa kiberiti, tuchome hizi ncha zisifumuke."

Nikawasha.