Kisima Nilichokitoa Kipimwe

Mwanafunzi yule alikuja ofisini kwetu Upper Hill bila kunijulisha, na hapo tu nikajua kuna jambo. Alikuwa mtu wa kuomba ruhusa. Hata kabla ya kunipigia simu alikuwa akitanguliza ujumbe kuuliza kama nina nafasi. Sasa mlinzi wa mapokezi ananiambia kuna dada ameketi chini, ana bahasha, na amekataa kumwachia mtu.

Lifti ilikawia. Nikashuka kwa ngazi, orofa sita, nikijiambia kwamba labda ni barua tu ya shukrani.

Nieleze kwanza tulivyojuana. Mimi nilisomea kemia chuo kikuu, nikaishia kwenye kazi ya bima, kama wengi wa darasa letu walivyoishia kwenye kazi ambazo hawakusomea. Nikiwa mwaka wa pili, baba alianguka kutoka kwenye jukwaa la mjengo, na vibarua vyake vikaisha siku hiyo. Nilikuwa nimeshafunga sanduku nirudi Kakamega. Mkuu wa kitivo akaniita ofisini akaniambia nifungue sanduku, kwamba kuna watu waliosoma pale zamani ambao wamelipa karo yangu mpaka nimalize. Nikamwuliza ni akina nani niwaandikie. Akasema hawajataka kuandikiwa. Nilitoka pale nikiwa na furaha na hasira kidogo, maana ni vigumu kupokea kitu kikubwa hivyo halafu ukose mtu wa kumshika mkono.

Kwa hiyo miaka ilipopita, na profesa aliyenifundisha alipoingia kwenye kikundi chetu cha simu cha waliosoma pamoja, akisema ana mwanafunzi hodari wa shahada ya pili ambaye utafiti wake umekwama kwa kukosa vifaa, mimi ndiye niliyejibu wa kwanza. Mwanafunzi huyo alitaka kupima maji ya visima vifupi vya upande wa Dagoretti, ambako nyumba za kupanga zinaota kila mwezi katikati ya mashamba ya sukumawiki. Tukachanga. Daktari mmoja wa darasa letu mwenye kliniki Parklands alitoa kabati la joto la kuoteshea vijidudu. Mwenye duka la vyombo karibu na msikiti wa katikati ya jiji, mzee wa asili ya Lamu ambaye binti yake alisoma chuo hicho, alitoa makasha ya barafu ya kubebea chupa. Sisi wengine tukanunua dawa za kupimia na kumlipia karo.

Mimi nikafanya zaidi. Nina ploti Mutuini, upande huohuo wa Dagoretti, vyumba kumi na viwili vya kupanga na kisima nyuma. Nilisema mbele ya wote kwenye kikundi kwamba kisima cha kwanza kupimwa kiwe changu. Watu wakanisifu, nami sifa zile zikanikaa vizuri.

Sasa mwanafunzi alikuwa amesimama mapokezi, amekumbatia bahasha kifuani.

"Madam, pole kwa kukuja hivi," akasema. "Nilionelea nikwambie mwenyewe kabla nipeleke kwa Profesa."

Nikampeleka kwenye mkahawa wa chini ya jengo. Hakuagiza kitu. Alitoa karatasi akaiweka mezani na kuniwekea kidole kwenye mstari mmoja. Visima havikuandikwa majina ya wenyewe, viliandikwa namba, lakini changu nilikijua.

"Nilipima mara tatu," akasema. "Wiki tofauti. Mara ya tatu nilibadilisha hadi chupa. Ni vijidudu vya kinyesi, Madam. Ni vingi."

Nikasoma ule mstari, nikausoma tena. Mguu wangu ulikuwa ukicheza chini ya meza na sikuweza kuuzuia. Nikauliza kama mashine inaweza kukosea. Akasema inaweza, ndiyo maana alirudia. Nikauliza kama mvua ndiyo iliyoharibu. Akasema huenda mvua iliongeza. Halafu nikauliza lile ambalo mpaka leo likinijia nikiwa peke yangu huwa nasimama nifanye kitu chochote, nikunje nguo au nioshe kikombe kilicho safi.

"Una visima vingi kwenye ripoti. Lazima hiki kiwemo?"

Alikuwa msichana wa miaka ishirini na tano hivi, na karo yake ya muhula ule ilikuwa imetoka kwetu. Alijua, nami nilijua kwamba anajua.

"Ukiniambia nikitoe, nitakitoa," akasema hatimaye, polepole. "Lakini nitamwambia Profesa kwamba nimekitoa, na kwa nini."

Hakusema kwa ukali. Aliikunja ile karatasi akaniachia, akaniaga kwa heshima zake zote, akaondoka. Chai yangu ilikuwa haijaguswa.

Sikurudi orofani. Nilitembea. Nilipita mbele ya hospitali kubwa, nikateremka mpaka mzunguko wa barabara, nikageuka, nikapanda tena. Kichwani nilikuwa nikimsikia fundi aliyenijengea safu ya pili ya vyumba. Alikuwa amesimama kati ya kisima na alama alizochora chini kwa chokaa, akaniambia, "Mama, shimo la choo likikaa hapa litakuwa karibu sana na maji. Tutoe vyumba viwili, tulisogeze kule chini." Nami nilikuwa nimevaa viatu vya ofisini, nina haraka ya kurudi kazini, nikamwambia, "Chimba hapo hapo." Maneno matatu. Wala sikuyafikiria tena mpaka siku ile.

Halafu kulikuwa na mpangaji wangu wa chumba cha nne, mama wa kutoka Vihiga aliyekuwa akiuza nguo za mitumba Kawangware. Kitoto chake cha kike kilikuwa kikiharisha mara kwa mara mwaka ule. Mara moja kililazwa kwenye hospitali hiyohiyo niliyokuwa nikiizunguka. Nilikwenda kumtazama wodini, nikapeleka ndizi na chupa ya maji ya duka, nikamwambia mama yake ajaribu kumpunguzia matunda ya barabarani. Alinishukuru.

Asubuhi iliyofuata nilimpigia Profesa kabla sijapiga mswaki. Nikamwambia kisima kile kibaki kwenye ripoti kama kilivyo, na kwamba nilimwomba mwanafunzi wake akitoe.

"Aliniambia jana jioni," akasema. "Alilia hapa. Alifikiri amepoteza karo."

"Hajapoteza."

"Basi umwambie mwenyewe. Mimi akinisikia atadhani namfariji."

Nikampigia mwanafunzi, nikamwambia. Nilijaribu kuomba msamaha kwa simu, maneno yakapandana, na yeye akanikatiza kwa upole akasema kilicho muhimu sasa ni watu waache kunywa yale maji, hata kesho ni mbali. Hakuwa akinifundisha adabu. Alikuwa tu anafikiria kitu sahihi wakati mimi bado nilikuwa najifikiria mimi.

Mutuini nilifika saa nne. Nilimkuta keateka, mtunzaji wa ploti, akimwagia migomba maji ya kisima, nikamwambia awaite waliopo. Wakatoka wanawake wengi na wanaume wawili waliokuwa hawana kazi siku hiyo, wakasimama uani wakidhani nataka kupandisha kodi. Niliyaona hayo kwenye nyuso zao. Nikawaambia maji yamepimwa chuo kikuu, yana uchafu wa choo, na choo kimewekwa mahali pabaya kwa sababu mimi nilimwamuru fundi akiweke pale.

Hakuna aliyepaza sauti. Ningependelea wapaze.

Mama wa chumba cha nne aliuliza, "Mama ploti, hii maji tumekunywa ikiwa hivi tangu lini?"

"Sijui. Pengine tangu safu ya pili ijengwe."

"Mimi nilihamia hapa safu ya pili ikijengwa," akasema. Akageuka akaingia ndani.

Keateka akakifunika kisima kwa mabati na mawe mchana ule, na wiki hiyo fundi mwingine akakifunga kwa zege. Nikaweka tangi, likawa linajazwa na lori la maji, huku nikifuata maombi ya kuunganishiwa bomba kutoka ofisi moja hadi nyingine. Choo kilihamishwa. Vyumba viwili vilibomolewa ili kipate nafasi, vilevile fundi wa kwanza alivyokuwa amesema.

Siku chache baadaye mwanafunzi alikuja Mutuini kuwaeleza wapangaji matokeo. Aliketi nao kwenye ngazi, akawaonyesha jinsi ya kutibu maji kwa dawa na jinsi ya kuosha mitungi. Mama wa chumba cha nne alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamwuliza swali ambalo mimi sikuwa na ujasiri wa kuliuliza.

"Mtoto wangu aliugua kwa sababu ya hii kisima?"

Mwanafunzi alinitupia jicho. Nikadhani ataniokoa, au atanimaliza. Hakufanya lolote kati ya hayo.

"Siwezi kukwambia ndiyo, na siwezi kukwambia hapana," akamjibu. "Sikumpima mtoto. Nilipima maji. Yangeweza kumfanya augue. Zaidi ya hapo nitakuwa nakudanganya."

Yule mama aliitikia kwa kichwa. Mwisho wa mwezi alihama. Nilifika akipakia vitu kwenye mkokoteni, nikasimama langoni nisijue pa kuweka mikono. Aliniangalia, akaniambia nishike upande wa pili wa godoro. Tukalibeba. Mtoto alikuwa mgongoni mwa dada yake mkubwa, mzima, anakula mkate, na mimi niliwatazama mpaka wakakata kona, nikitafuta usoni mwa kile kitoto jibu ambalo maabara haikuwa nalo.

Ripoti ilisomwa mbele yetu sisi tuliochanga, Jumamosi moja, katika ukumbi mdogo wa chuo. Mwanafunzi aliongea vizuri. Visima vingi vilikuwa vibaya, vingine kuliko changu. Alipomaliza, watu wakapiga makofi, kisha mwenzetu mmoja wa darasa, ambaye pia ana nyumba za kupanga upande ule, akainua mkono.

"Kazi ni nzuri," akasema. "Lakini kuanzia sasa ningependekeza sisi tunaotoa tuone matokeo kwanza, kabla hayajatoka nje. Kuna watu wataumia kibiashara. Anayetoa awe na neno."

Wengine wakanung'unika kukubali. Mzee mwenye duka la vyombo alikuwa ameinamisha kichwa, anasikiliza. Profesa akanitazama, halafu akatazama dirishani, na nikaelewa kwamba hatanitaja.

Nikasimama. Nilikuwa nimeketi na kuinuka mara kadhaa asubuhi ile hata jirani yangu alidhani naenda msalani. Nikawaambia kwamba mimi nimeshakuwa na hilo neno. Nikawaeleza nilimwuliza nini mwanafunzi kule mkahawani, akanijibu nini, na kisima namba ngapi ni changu. Nikawaeleza juu ya fundi na chokaa. Nikasema, "Tukipewa hilo neno sisi tunaotoa, mjue litatumika vipi. Nililitumia siku ya kwanza nilipolipata."

Yule mwenzetu akasema hakuwa na maana hiyo. Nikasema najua, hata mimi sikuwa nayo.

Mzee wa duka akaomba kusema. "Mimi nilitoa makasha," akasema. "Makasha ni ya chuo sasa. Nikirudi kuuliza ndani yake kumewekwa nini, basi sijatoa, nimekodisha." Watu wakacheka kidogo, na cheko lile likatulegeza. Tukaandika karatasi siku hiyo, fupi, kwamba anayetoa kwa ajili ya utafiti hayagusi matokeo wala haombi kuyaona kwanza. Yule mwenzetu alitia sahihi wa mwisho. Tangu hapo hajachanga tena, na tukikutana mjini hunisalimu kwa haraka.

Mwanafunzi alihitimu. Sasa anafundisha hapo hapo na anaendelea kupima, na kikundi chetu kinasomesha wawili wengine chini yake. Baadhi ya Jumamosi huwa nafuatana naye kumbebea kasha, kwa sababu nyumbani siwezi kukaa, na kwa sababu wenye ploti humfungia lango kijana akija peke yake.

Mwezi uliopita tulibisha kwenye lango moja jekundu, mbele kidogo ya kituo cha boda boda. Mwenye ploti, mwanamume wa makamo aliyekuwa na kisu cha kukatia majani ya ng'ombe, alifungua nusu. Mwanafunzi wangu, sijui kwa nini bado namwita hivyo, akaeleza.

"Sina haja," akasema yule bwana. "Maji yangu ni matamu." Kisha akanigeukia. "Na wewe ni nani?"

"Nina ploti huko juu," nikamwambia. "Nami niliwapa kisima changu wapime."

"Kikatokaje?"

"Vibaya. Nimekifunga."

Alitutazama wote wawili, mimi na lile kasha. Nyuma yake mwanamke alikuwa anachota maji, kamba inalia kwenye gurudumu. Yule bwana akageuka akamwambia aache ile ndoo kwanza, kisha akatufungulia.