Wamae na Namba ya Mama Yake

Watu wakiniuliza Wamae ni mtu wa aina gani, huwa nawajibu kwamba ni karani wa kahawa. Wanacheka, kwa sababu wao wanamjua kama yule jamaa wa kompyuta aliyepanga chumba juu ya duka la mbegu, hapa Nyeri mjini. Wacheke tu. Mimi, Sumayya, nimefanya kazi na huyo mtu miaka minne, meza yangu ikitazamana na yake, na najua alibaki karani mpaka siku tulipofunga soko letu. Ukarani huo ndio uliotuponza.

Alizaliwa Tetu, kitinda mimba wa mjane mwenye miti mia mbili ya kahawa. Alipomaliza shule hapakuwa na njia ya kwenda chuo, akaajiriwa kwenye mizani ya kiwanda cha ushirika, akakaa hapo miaka tisa. Mkulima anafika na gunia, anamwaga kahawa yake kwenye turubai mbele ya majirani, anapiga magoti kuchambua zilizo mbichi na zilizooza, halafu Wamae anapima na kuandika uzito chini ya namba ya mwanachama. Jina halikuandikwa. Mwanachama akiugua, mkewe analeta kahawa kwa namba ileile. Akifa, mtoto anaileta. Karani haulizi kitu, na namba inaendelea msimu baada ya msimu.

Kompyuta alijifunzia kwenye ile ya kiwanda, siku za mvua wakulima wasipokuja. Nilipokutana naye alikuwa ametimiza miaka thelathini na minane na alikuwa ameshatengeneza Mjengo. Mjengo ni chombo cha kujengea tovuti. Unachukua vipande vilivyokwisha tengenezwa, unavipanga, na shule au duka linapata tovuti yake kwa siku mbili. Mafundi wa tovuti kuanzia Nanyuki hadi Murang'a wakakipenda, na walipokipenda wakaanza kudai. Huyu anataka kalenda, yule anataka ramani, mwingine anataka fomu ya wagonjwa kupanga foleni. Sisi tulikuwa wawili tu.

"Hizo vitu wacha watu wengine watengeneze," Wamae akasema. "Sisi tufungue soko."

Soko lenyewe lilikuwa ukurasa kwenye mtandao. Fundi anatengeneza kipande chake cha programu, plagini tulikuwa tunaiita, anakileta kwetu tukikague, na kikipita, yeyote anayetumia Mjengo anakichukua na kukichomeka kwenye tovuti yake. Sasa shika hili vizuri: ukishaichomeka plagini, inaona kila kitu ambacho tovuti yako inaona.

Kukagua tulifanya kwa mtindo wa kiwanda. Wamae alimtaka fundi aketi nasi, ana kwa ana au kwa video, afungue msimbo wake wote na kueleza kila mstari unafanya kazi gani, nasi tukitoa uchafu mmoja mmoja. Walilalamika, lakini baadaye walijivunia. Kila fundi akapewa namba ya mwanachama yenye tarakimu nne. Namba iliyoleta matoleo kumi safi ilihesabiwa kuwa imeaminika, na kuanzia hapo matoleo yake mapya yalipita moja kwa moja bila kusomwa na mtu.

"Na namba ikihama mkono?" nilimuuliza siku alipoweka kanuni hiyo.

"Si itahamia tu mtu wake? Hata kwa kahawa iko hivyo, dada."

Nikamwambia hii si kahawa. Nilisema mara moja, nikanyamaza, maana kusoma msimbo wa watu kutwa nzima kunachosha macho na nilitaka kupunguziwa. Nasema ukweli wangu mapema ili nisije nikaonekana mwema kuliko nilivyokuwa.

Miaka mitatu ilikwenda vizuri. Tulifikisha mafundi sitini na watatu, plagini zaidi ya mia mbili. Wamae alikuwa na daftari jeusi la shule, na humo aliandika habari za namba zake kama mzee anayeandika habari za ukoo. 0027 amempa shemeji. 0041 amempa rafiki, Nanyuki. Aliyaandika akiwa ametulia kabisa, hata mwandiko ni mzuri.

Namba 0009 ilikuwa ya Ngugi, kijana wa Murang'a, mcheshi, mwenye akili kupita kiasi. Plagini yake iliitwa Foleni, na kliniki ndogo mia moja na arobaini ziliitumia. Mgonjwa anaandika jina, simu na shida yake, anapewa saa ya kuja. Mwezi wa tatu Ngugi akapata kazi Nairobi, akapiga simu. Wamae aliiweka kwa sauti ya juu kwa sababu alikuwa anamenya nduma.

"Mzee, Foleni imenishinda. Kuna msee ameitaka, nimemwachia na namba yangu."

"Ni mtu mzuri?"

"Anaonekana mpoa."

"Haya basi. Wacha niandike."

Akaandika. Mimi nilikuwa namimina chai, na nilisikia kila neno. Tukala nduma yetu.

Mwezi wa kumi, Jumatatu, Watiri akaja bila kupiga simu. Watiri ni muuguzi, ana kliniki yake Karatina, na ndiye aliyewavuta wenzake wengi kwenye Mjengo. Koti lake lilikuwa limelowa na hakulivua. Aliweka simu mezani na kutuambia tusome. Ilikuwa picha ya ujumbe alioupata mgonjwa wake kutoka kwa mtu asiyejulikana. Ugonjwa umetajwa kwa jina, tarehe aliyokwenda kliniki imetajwa, na chini yake: mume wako anajua?

"Hiyo habari huyu mama aliandika mahali moja tu," Watiri akasema. "Kwa fomu ya Foleni. Na sasa wagonjwa saba wamepata ujumbe kama hiyo. Wananiuliza niliwauza kwa nani. Huyu huimba na mimi kwaya, Wamae. Ako na dawa hafai kuruka hata siku moja, na ameniambia hatakanyaga kliniki tena."

Tulifungua toleo la mwisho la Foleni. Mistari minane. Kila anachoandika mgonjwa kinanakiliwa na kupelekwa mahali pengine, kimyakimya, huku yeye akipewa saa yake ya kumwona muuguzi. Wamae aliisoma amesimama, kisha akaketi, akaisoma tena. Tukaiondoa Foleni saa hiyohiyo na kuwaarifu wenye kliniki zote. Tulimpigia Ngugi. Simu ya yule aliyemwachia namba ilikuwa haipatikani, na Ngugi hakujua hata jina lake la pili.

Watiri alisubiri tumalize. Halafu akasema polepole, na ningependa angetutukana kuliko kusema vile.

"Mpaka Ijumaa. Uniambie ni nani yuko nyuma ya kila namba kwa hiyo soko yako. Ukiniambia, nitasimama na wewe, nitaambia wengine wabaki. Ukishindwa, funga, kabla mtu mwingine hajaumia."

Siku nne kwa namba sitini na tatu. Tuligawana daftari, Wamae akachukua kurasa za mwanzo na mimi za mwisho, tukaanza kupiga. Jumanne jioni tulijua kwamba namba kumi na tisa zilikuwa zimehama. Zote kumi na tisa kwa idhini ya Wamae, kwa mwandiko wake mzuri. Shemeji wa 0027 alikuwa ameshampa mtu mwingine, naye huyo akampa mwingine. Yule rafiki wa Nanyuki alituuliza soko gani.

Wamae aliacha kula. Niliweka githeri mbele yake Jumatano mchana, nikaikuta vilevile saa kumi. Alikuwa anapiga simu, anasikiliza ile sauti ya mteja hapatikani mpaka mwisho, anakata, anapiga tena namba ileile. Nilimwambia aache, akaniangalia kana kwamba hanijui. Niliogopa. Nilishuka chini nikasimama kwenye duka la mbegu, nikajifanya naangalia pakiti za sukumawiki, nikalia pale mbele ya watu wanaonunua mbolea.

Alhamisi tulikuwa tumewapata kumi na mmoja kati ya wale kumi na tisa. Wanane hatukuwapata. Hapo nikatoa shauri langu, na nililitoa kwa hasira kwa sababu nilitaka mno likubalike.

"Toa hizo nane. Zilizobaki hamsini na tano tunawajua. Mwambie Watiri tumesafisha."

"Tunawajua aje, Sumayya?"

"Wamepokea simu, bwana. Wamesema ndio wenyewe."

"Hata yule wa Foleni angepokea simu angesema yeye ni Ngugi." Akafunga daftari. "Mimi niko na kitabu, siko na watu."

Mchana huo Ngugi akaja kutoka Nairobi, hakupitia hata kwao Murang'a. Ule ucheshi ulikuwa umemtoka. Alisema mafundi wenzake wamemtuma, kwamba wengine hiyo ndiyo kazi yao yote, kwamba lawama aibebe yeye, soko libaki.

"Niweke jina yangu hapo mbele, mzee. Andika ni Ngugi aliharibu. Lakini usifunge."

"Wewe uliniambia," Wamae akamjibu. "Hukuficha. Mimi ndiye nilisema haya basi."

Ngugi akafunika uso kwa mikono. Mimi niliyekuwa na maneno ya kumtia adabu tangu Jumatatu sikuyaona tena.

Watiri alifika Ijumaa saa tano. Hakukaa. Wamae alikuwa amejiandaa kueleza mengi, nilikuwa nimeona karatasi yake, lakini aliposimama mbele yake hakuitazama.

"Wanane siwajui kabisa. Wengine nafikiria nawajua. Siwezi kuapa."

"Asante kwa kusema," Watiri akajibu. Kisha, akiwa mlangoni: "Yule wa kwaya bado hajarudi. Nilienda kwake na dawa, akakataa kufungua mlango."

Alipoondoka Wamae aligeuza kompyuta yake na kufunga soko mwenyewe. Miaka mitatu, na kazi yenyewe haikuchukua hata muda wa maji ya chai kuchemka. Ukurasa ukabaki na aya moja aliyoiandika yeye, akitaja kosa kuwa lake, bila kumtaja Ngugi. Simu za mafundi zikaanza kuingia na akazijibu zote, hata za matusi. Nilijua kwamba Mjengo nao utakufa, na umekufa.

Wiki tatu baadaye kahawa ikaiva Tetu. Wamae hakuwa na kazi na mimi sikuwa na kazi, akaniomba nikamsaidie kuchuma kwenye ile miti ya mama yake. Tulichuma siku mbili katika umande, tukapeleka magunia mawili kiwandani. Akamwaga kwenye turubai, akapiga magoti na kuchambua. Nikamsaidia. Hakuinua kichwa mpaka zikabaki nyekundu tupu.

Kwenye mizani palikuwa na dada mmoja anayeitwa Wachuka. Akapima, na kabla Wamae hajafungua mdomo akaandika 0318, akachana risiti na kumpa. Wamae hakuipokea.

"Wachuka, hiyo namba ni ya nani?"

"Si ya mama yako?"

"Mama alikufa miaka sita imeisha. Na unaandika tu? Huniulizi mimi ni nani?"

Wachuka alimtazama kwa huruma, kama mtu anayeona mwenzake ameanza kuchanganyikiwa.

"Wamae, mimi ndiye nilimwosha mama yako alipokufa. Mimi na huyu mama ako nyuma yako. Nikuulize wewe ni nani?"

Wamae akapokea risiti. Alisimama pale ameishika, na mama aliyekuwa nyuma yake akamshika kiwiko na kumsogeza kando kwa upole ili naye amwage kahawa yake.