Sadaka ya Kando ya Hita

Ibada ile ilitugharimu randi tano. Juzi, Joubert Park, harufu ya hita ya mafuta ya taa ilinirudisha utotoni, kwenye kanisa letu la Jeppestown, karakana ya zamani yenye baridi kali. Hita moja tu ilinguruma mbele, kando ya kikapu cha sadaka. Mama alichenji pesa zikawa sarafu tano, na kila wimbo tulicheza hadi mbele kutoa moja. Nikaamini hakuna mkarimu kumzidi. Safari ya pili nikataka kumimina zote, akanidaka mkono.

“We mutoto! Ukimaliza, utarudi huku kwa moto na nini?”

Leo mimi ndiye mweka hazina wa kanisa lile, na waumini wanataka hita ihamishiwe katikati. Nishaurini jamani, nikubali?