Mume Husimama

Mzee wa kanisa ndiye aliyewafunda wachumba wote wa Matema. Kidole juu, sauti nzito, aliwakumbusha kwamba wenye hekima wa Kiebrania wa kale walimtaka mume amsifu mkewe mbele za watu. "Tena asimame, siyo anasifu huku kakaa!" Nyumbani yeye alikaa. Mkewe, Tusajigwe, alipiga magoti kumnawisha kwa maji ya mtungi. Yeye alinyoosha mikono bila kuinua macho, na akimtaka alimwita "wee". Miaka thelathini na minane.

Sasa Tusajigwe amelala kaburini, nyuma ya migomba. Mkamwana, ambaye kwa mila ya Kinyakyusa hapaswi kukutana na mkwewe uso kwa uso, humwekea mzee wali na maji mlangoni, kisha hujiondokea. Mzee hushika kata kwa mkono wa kushoto, humwagia wa kulia, kisha hubadilisha, na maji mengi huishia miguuni. Jana alipomaliza kunawa alisimama, mikono ikichuruzika, akautazama mlango mtupu. "Ndaga fijo," akashukuru, "ndaga, Tusajigwe." Ikabidi alirudie jina, maana ulimi wake haukulizoea.