Mkunga Anayegeuka Nyuma

Kila anapofika mlango wa chumba cha kuzalia, mkunga yule husita, hugeuka kutazama ukumbi alikotoka, kisha ndipo huingia kuosha mikono. Mwatima, muuguzi mgeni kituoni, alidhani anamtafuta mtu. "Ni mazoea ya msituni," mkunga alimwambia siku moja, vidole vyake vifupi vikikunja vitambaa bila kutazamwa. Akiwa na miaka kumi na saba alikaa siku saba katika msitu wa Jozani na wanafunzi wenzake. Walifundishwa kutazama nyuma kila mara, ili waijue sura ya njia ya kurudi. Yeye alipuuza, akawaongoza wenzake kwa saa tatu nzima hali anajua amepotea, akaona haya kusema. "Maji yakatuishia, mwanangu. Mmoja wetu akazirai."

Asubuhi moja uchungu wa Fathiya, mzazi wa mara ya kwanza, ulisimama, na mapigo ya moyo wa mtoto yakaanza kupungua. Ukumbini mama mkwe alikuwa akiwasimulia watu kuwa mikono ya mkunga huyu haijashindwa miaka ishirini. Mkunga alipapasa tumbo, akatulia, akapapasa tena. Kisha akageuka kuutazama mlango.

"Hapa nimepotea," alisema, kwa sauti ileile anayoombea chai. "Ita gari, tumpeleke hospitali kuu."

"Lakini Bi Mkubwa, watu watasema," Mwatima alinong'ona.

"Waseme tukiwa njiani."

Kabla ya adhuhuri mtoto alitolewa kwa upasuaji, akalia. Mkunga akaomba chai.